Charahani ikisumbua na mshono ukikataa: tafuta chanzo nyumbani kabla ya kumwita fundi

Wiki mbili kabla ya Sikukuu mafundi wa mtaani kwetu huwa hawapokei tena kazi. Kanzu na magauni ya watoto yamewajaa mpaka juu ya kabati, na mtu akiwapelekea charahani iliyokwama huambiwa airudishe nyumbani mpaka Idi ipite. Basi kila Ramadhani, baada ya alasiri, majirani hunijia ukumbini na charahani zao, na wengine na pazia lililokataa kukaa sawa au mto unaotoa sufi. Mimi si fundi wa duka. Nimeshona nyumbani kwa miaka mingi hapa Unguja, na kilichonifundisha zaidi ni kazi zilizoharibika.

Ninaloliona kila mwaka ni kuwa pahala tatizo linapoonekana sipo lilipoanzia. Uzi hujikunja chini, mtu akafungua chini, kumbe kosa liko juu. Pazia hufupika baada ya kufuliwa, mtu akaulaumu mkasi, kumbe kosa lilishafanyika kabla mkasi haujaguswa. Nimepanga maelezo haya kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo unayoiona mwanzo, lakini kwa kila moja nitakurudisha nyuma kidogo.

Kabla ya kugusa chochote, shika mpango huu: kwanza sindano, pili uzi, tatu njia unayopita uzi, nne uchafu na mafuta, na skrubu mwisho kabisa. Wengi huanza na skrubu kwa sababu iko mbele ya macho. Wanaikaza, wanailegeza, wanaikaza tena, kisha wakaja kugundua sindano ilikuwa imepinda. Sasa sindano wamebadilisha lakini skrubu haijulikani tena ilikuwa wapi, na tatizo moja limekuwa mawili.

Uzi unafanya kiota chini ya kitambaa

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi. Juu mshono unaonekana mzuri, ukigeuza kitambaa unakuta fungu la uzi limesokotana kama nywele kwenye kitana. Kwa kuwa fungu liko chini, mkono unakwenda kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Iwache bobini. Ule uzi uliojaa chini ni uzi wa juu, ulioteremka bila ya kushikwa na kitu.

Uzi wa juu hushikwa na visahani viwili vidogo vya chuma vilivyobanana, vyenye skrubu na springi yake. Mguu wa charahani, ule unaokandamiza kitambaa, ukiwa umeshushwa, visahani hubana, ukiinuliwa, huachia. Ukitunga uzi huku mguu uko chini, uzi unakaa juu ya visahani badala ya kuingia katikati yao, na hapo hakuna tena kinachoushika. Dawa haigharimu hata senti: inua mguu, toa uzi wote, tunga upya tangu kwenye kigurudumu cha uzi mpaka tundu la sindano, kisha shusha mguu na uvute uzi kwa mkono. Ukivutika kwa ugumu kidogo, umeingia. Ukiteleza kama haukupita popote, rudia.

Angalia pia ule mkono wa chuma unaopanda na kushuka mbele ya charahani. Uzi ukiwa umechomoka hapo, kiota kinatokea kwa mshono wa kwanza tu. Na unapoanza kushona, zishike ncha mbili za uzi, wa juu na wa chini, uzipeleke nyuma kwa mishono mitatu au minne ya mwanzo. Watoto wanaojifunza husahau hili, kisha wakaambiwa hawana mkono wa kushona.

Kwenye charahani ya miguu kuna chanzo chengine. Mtu anayeanza hukanyaga na gurudumu likazunguka kinyume, uzi ukasokotana papo hapo. Anzisha kwa mkono wa kulia: lizungushe gurudumu kuja upande wako, kisha miguu ifuate. Mwanangu wa pili alijifunza kwa kukanyaga siku tatu bila ya uzi wala kitambaa mpaka miguu ikazoea, na sijaona njia bora kuliko hiyo.

Mshono unaruka

Unashona mstari, kisha unaona pahala pana mshono mrefu kama wa kupiga bandi, ule wa kushikiza kwa muda tu, halafu mifupi, halafu mrefu tena. Badilisha sindano kwanza, hata kama unaona iliyopo ni nzima. Sindano iliyogonga pini au kibao cha chuma hupinda kiasi ambacho jicho halioni. Ilaze juu ya kioo, upande bapa ukiwa chini, uitizame kwa pembeni: nafasi kati ya sindano na kioo iwe sawa mwanzo hadi mwisho.

Pili, tizama ilivyokaa. Sindano ya charahani za nyumbani ina upande mmoja bapa kwenye shina, na upande wa pili ina mfereji mrefu. Uzi huingilia upande wa mfereji mrefu. Charahani nyingi za kisasa hutungwa kutoka mbele kwenda nyuma, basi bapa linaelekea nyuma. Zile nyeusi za zamani hutungwa kwa ubavuni, basi bapa linaelekea ubavu wa pili. Mtu aliyezoea moja akihamia nyengine hukosea, na charahani yenyewe haina ugonjwa. Isukume sindano juu mpaka igote, ndipo uikaze. Ikibaki chini kwa milimita moja tu, ile ndoana inayonyakua uzi chini haiukuti kitanzi chake, na mshono unaruka.

Tatu, namba. Vipakiti vinavyouzwa sokoni Darajani vina namba 11, 14, 16 na 18. Kwa kitambaa chepesi chukua 11. Kwa kanga na marekani, ile pamba isiyopaushwa, 14. Kwa jinzi na vitambaa vya makochi, 16 au 18. Fulana na vitambaa vyengine vinavyovutika vinataka sindano yenye ncha ya mviringo, inayopenya baina ya nyuzi bila ya kuzichoma. Ukivishona kwa sindano ya kawaida mshono utaruka hata ungefanya nini.

Na kwetu kuna adui mwengine, hewa ya bahari. Masika yakiingia, sindano iliyowekwa ndani ya karatasi hushika kutu kabla hujaitumia. Kutu hiyo ukiisikia kwa ukucha, uzi unaisikia zaidi. Mimi huzichoma kwenye kitambaa kilichotiwa tone la mafuta ya charahani na kukifunga ndani ya kopo la mfuniko.

Uzi unakatika

Ukikatika uzi wa juu, uliza umri wake. Uzi wa pamba uliokaa dirishani mwaka mzima umeshaoza kwa jua na unyevu, hata rangi ikiwa bado inang'ara. Kata kipande cha urefu wa mkono, kizungushe kwenye vidole viwili ukivute ghafla. Uzi mzima hukataa, na ukikatika hutoa sauti na kukuacha na alama ya ngozi. Uliooza huachana kimya kimya. Huo usiutie kwenye charahani. Ufanyie kazi ya kupigia bandi tu.

Uzi ukiwa mzima na bado unakatika, pitisha uzi wa nailoni laini katika tundu la sindano uuburute huku na huku. Ukikwama, tundu lina mkwaruzo na sindano ni ya kutupwa. Baadaye kagua kibao cha chuma chini ya mguu: sindano zilizowahi kuvunjikia pale huacha makovu kwenye ukingo wa tundu. Msasa laini kabisa, uliokunjwa mwembamba, huyaondoa.

Ndipo sasa tuje kwenye skrubu. Tia uzi mweupe juu na mwekundu chini, shona kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa mara mbili. Vidoto vyekundu vikitokeza juu, uzi wa juu umekazwa mno, ulegeze. Vidoto vyeupe vikitokeza chini, umelegea, ukaze. Geuza kwa robo ya mzunguko, shona tena, tizama tena. Skrubu ndogo ya kikasha cha bobini iguse tu ikiwa ya juu imeshindwa. Charahani ambayo kikasha chake hutoka, kipime hivi: kining'inize kwa uzi wake. Kikiteremka chenyewe, kimelegea. Ukikitikisa kidogo kikashuka kidogo kisha kikasimama, hapo ndipo. Kisiposhuka hata kwa kutikiswa, kimekazwa kupita kiasi.

Gurudumu linazunguka, sindano haishuki

Hii humtia mtu hofu, na ni jambo la dakika moja. Katikati ya gurudumu la mkono kuna kitasa cha mviringo ambacho hulegezwa wakati wa kujaza bobini, ili sindano isifanye kazi bure. Umejaza bobini na hukukikaza tena. Kikaze.

Kama ni charahani ya miguu na gurudumu la chini linazunguka lakini la juu halifuati, tizama mkanda wa ngozi. Aidha umepata mafuta, basi ufute kwa kitambaa kikavu, aidha umerefuka kwa miaka. Toa kile kipini cha chuma, kata sentimita moja, toboa upya kwa msumari, ufunge. Usikate sentimita tatu kwa mara moja. Mkanda uliokaza mno hufanya kukanyaga kuwe kama kupanda mnazi.

Na ikiwa sindano inakwenda juu na chini lakini kitambaa hakisogei, fungua kibao cha chuma uangalie baina ya meno yanayosogeza kitambaa. Mara nyingi utakuta vumbi la nyuzi lililoshindiliwa mpaka limekuwa gumu kama ganda la udongo. Lichokoe kwa kijiti cha ufagio wa chelewa.

Charahani nzito, inalia, au imekwama kabisa

Hapa nataka kusema kwa uchungu, kwa sababu nimeona charahani njema zikiuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa kosa hili. Usitie mafuta ya nazi kwenye charahani. Usitie mafuta ya kupikia ya aina yoyote. Siku ya kwanza inakwenda laini kweli, na ndiyo maana watu hudanganyika. Baada ya miezi, mafuta hayo hushika hewa na vumbi, yakaganda kuwa gundi ya manjano, na mashine ikawa nzito. Mwenye nayo huona inataka mafuta zaidi, akaongeza yale yale, mpaka siku moja gurudumu likakataa kugeuka.

Iliyoganda hivyo haijafa. Toa sindano, bobini na uzi. Ikiwa ni ya umeme, chomoa waya ukutani kwanza, na usiruhusu chochote kiingie kwenye mota. Tia mafuta ya taa tone moja moja kwenye kila tundu la mafuta na kila pahala chuma kinapopishana na chuma. Fanya kazi hii uwanjani au barazani, mbali na jiko. Iwache usiku mzima. Asubuhi jaribu kulitikisa gurudumu kwa mkono, mbele na nyuma, bila ya kulilazimisha. Likisogea hata nukta, ongeza mafuta ya taa na uendelee. Yatatoka maji ya rangi ya kahawia. Yafute, rudia mpaka yatoke meupe. Mafuta ya taa yanasafisha tu, hayalainishi, kwa hiyo ukimaliza futa vizuri, kisha tia mafuta yenyewe ya charahani, yale mepesi yasiyo na rangi, tone kwa kila tundu. Shona kwenye kitambaa kibovu mpaka mshono utoke safi, ndipo ulete nguo ya mtu.

Mmoja wa majirani alikuwa na charahani ya marehemu mama yake iliyokaa stoo tangu wakati ule umeme ulipokatika Unguja yote, Disemba 2009 hadi Machi 2010. Miezi ile charahani za miguu ndizo zilizoendelea kushona, hii ikiwa mojawapo. Umeme uliporudi ikasahauliwa. Tulikaa nayo siku nne na mafuta ya taa. Sasa inashona pindo la kanga kwa mshono ambao charahani yangu mpya haiufikii.

Charahani ya mtumba ilitoa moshi mara tu ilipochomekwa

Charahani za umeme zilizotumika zinazoletwa kutoka Japani ni nyingi na nyengine ni nzuri sana. Lakini umeme wa nyumba za Japani ni volti 100, na wetu ni volti 230. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, mota inapokea zaidi ya mara mbili ya inachoweza. Kabla ya kununua, igeuze utafute kibandiko au kibati cha chuma chini au nyuma. Kikiandikwa 100V, unahitaji transfoma ya kushusha umeme, na transfoma hiyo iwe na wati zaidi ya zilizoandikwa kwenye charahani. Kikiandikwa 220–240V, chomeka. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, mimi singeinunua.

Ikiwa moshi umeshatoka, usijaribu tena kuona kama itapona. Hiyo ni ya fundi wa umeme. Kwa fundi wa charahani peleka ile ambayo umebadilisha sindano, umetunga upya, umesafisha, na bado inaruka mshono kwa kila kitambaa; huenda sindano na ndoana ya chini hazikutani tena kwa wakati. Mpelekee pamoja na kile kipande ulichoshona kwa uzi mweupe na mwekundu. Kitamweleza kuliko maneno.

Pindo la kanga linafanya mawimbi

Charahani sasa ni nzima, lakini kazi inatoka mbaya. Tuanze na kanga, kwa sababu kila nyumba inazikunga.

Kanga huja doti, vipande viwili vilivyoungana. Pande ndefu zina ukingo wa kiwandani usiofumuka. Zinazokungwa ni ncha fupi zilizokatwa. Na huko kwenye ncha zilizokatwa kitambaa huvutika zaidi. Mtu akishona akiwa anakivuta kutoka nyuma, kwa nia njema ya kuisaidia charahani, upindo hutoka mrefu kuliko kanga yenyewe na kufanya mawimbi. Wacha meno yafanye kazi yao. Mikono yako ielekeze tu. Kunja upana mdogo, nusu sentimita mara mbili, piga pasi kwanza, ndipo ushone. Kanga mpya ina wanga, inakunjika kama karatasi, na mimi huipenda kuikunga ikiwa hivyo hivyo kabla ya kufuliwa. Kwa kuvaa, hilo halina ubaya.

Kitambaa chepesi kikijikunyata kwenye mshono, sababu ni kinyume: uzi umekazwa mno, au sindano ni nene. Weka namba 11, legeza uzi wa juu kidogo, fupisha mshono ufikie milimita 2, na uweke chini yake karatasi nyeupe ya daftari ushone pamoja, kisha uichane. Usitumie gazeti, wino wake huhamia kwenye nguo.

Mto wa kanga umekaa upande, pazia limefupika

Kwa mito na mapazia, ile kanga mpya yenye wanga sasa inakuwa tatizo. Pamba mpya hufupika inapofuliwa mara ya kwanza, zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Pazia la mlango la mita 2 likipungua asilimia 5, zimeondoka sentimita 10, na pazia lililokuwa likigusa sakafu sasa linaonesha miguu ya anayepita ukumbini. Marekani ndiyo hufupika sana. Kitambaa hiki kilipata jina lake kwa wafanyabiashara wa Kimarekani walioleta pamba isiyopaushwa Zanzibar karne ya 19, na mpaka leo ndicho ninachokitegemea kwa bitana na mifuko ya ndani ya mito. Kifue, kianike, kipige pasi, ndipo ukipime.

Kufua kabla pia kunakuonesha kama rangi inachuja. Nyekundu na nyeusi hasa. Wengi hutia chumvi kwenye maji. Mimi naamini zaidi kuiosha kanga peke yake kwa maji baridi, tena na tena, mpaka maji yatoke meupe. Ukiiunga na kitambaa cheupe kabla ya hapo, hakuna kitakachokisafisha kile cheupe.

Mto kukaa upande ni suala jengine. Ukichana kanga kwa mkono, inafuata nyuzi za kitambaa, na chapa si lazima iwe imepigwa sawa na nyuzi. Pindo, yaani ule mpaka wa chapa unaoizunguka kanga, litatoka nene upande mmoja na jembamba upande wa pili. Kwa kanga, piga mstari kwa chaki ukifuata chapa, ukate kwa mkasi. Panga mji wa kanga, ile sehemu yake ya kati, ukae katikati ya mto, na uamue mapema jina, yale maneno yaliyoandikwa, linakwenda wapi. Ama lisomeke lote, ama lisionekane kabisa. Na lisome vizuri kabla, kwa sababu kanga husema, na mgeni aliyekaa akisoma fumbo la mafarakano kwenye mto wa ukumbini atajiuliza ameambiwa yeye au nani.

Pembe za mto zikichongoka kama masikio, hukuzikata vibaya; mto hauwezi kujaza pembe kali. Unapokaribia pembe, uingize mshono ndani kwa sentimita moja, pole pole, uizungushe. Na foronya inayotema mto kila usiku ina ulimi mfupi, kile kipande cha kukunjia ndani. Sentimita 5 hazishiki kitu. Uache ulimi wa sentimita 15 hadi 20 ndani. Mto wa duara ambao ukanda wake wa ubavu haukutani na duara, pima upya: upana wa duara zidisha kwa 3.14, ndio urefu wa ukanda, kisha ongeza sentimita 2 za mshono.

Mto wa sufi unatoa vumbi, una madonge, unanuka

Sufi ya msufi wa uani ni laini kuliko sponji ya dukani, na haichomi joto. Lakini ina masharti yake.

Ikitoka nje na kukupigisha chafya, kitambaa ni chepesi. Kanga peke yake haiwezi kuishika sufi. Shona mfuko wa ndani wa marekani iliyofuliwa, kwa mshono mfupi, mara mbili kuzunguka, kisha ndiyo uvishe foronya ya kanga juu yake.

Madonge huja kwa njia mbili. Ya kwanza, sufi haikuchambuliwa, mbegu zimebaki. Mbegu zake zina mafuta, hutia madoa na huwaita panya. Fungua, chambua kwa mkono, jifunge ushungi puani. Ya pili, mto ulifuliwa ukiwa na sufi ndani. Sufi haifuliwi. Ikilowa hushikana, na katikati haikauki. Ukikuta mto unanuka, toa sufi yote, ianike juani juu ya mkeka siku isiyo na upepo, uifunike kwa chandarua kuukuu isiruke, uigeuze mara kwa mara. Harufu ikiondoka, irudishe. Ikiwa kuna madonge yenye ukungu mweusi, hayo yatupe, hasa kama mto ni wa mtoto.

Wakati wa kujaza mito ni jua la kaskazi. Uliojazwa masika hunuka kabla ya mwezi.

Ukili una mianya, unakatika, mkeka umevimba

Sina budi kuzungumza habari za ukili pia, ule mkanda wa kusukwa unaoungwa kuwa mkeka, kwa sababu nyumba nyingi, Pemba na huku shamba, wanawake hushona kwa charahani asubuhi na kusuka jioni, na makosa ni ndugu wa yale yale.

Ukili uliosukwa vizuri kisha ukafanya mianya baada ya wiki, ulisukwa mbichi mno. Miyaa, yale majani tunayosukia, ikilowa huvimba, ikikauka husinyaa. Usiiloweke ndani ya ndoo. Inyunyizie maji, ifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kwa muda, ianze kukunjika bila ya kulia. Ukisikia inalia na kukatika kwenye pembe, ni kavu mno. Upepo wa kaskazi mchana huikausha mkononi mwako, basi suka alfajiri au baada ya magharibi.

Rangi ikihamia kwenye nguo za mtu aliyekaa, miyaa haikuchemshwa vya kutosha na rangi, au haikusuuzwa. Isuuze mpaka maji yatoke meupe, kama kanga, na uianike kivulini.

Mkeka ukivimba katikati, angalia ulivyounga kili zako. Ukivuta mmoja na kuulegeza wa pili, mkeka hautalala hata uuwekee mawe. Anayeshona kawa la kufunikia chakula hukusudia jambo hilo hilo: anazungusha ukili huku akiukaza, na kawa linainuka lenyewe. Basi ukitaka kitu kilale, ulegeze mkono kwenye mzunguko wa nje. Ukitaka kiinuke, kaza.

Ukungu kwenye msala au mkeka huja kwa kukunjwa ukiwa na unyevu. Ule wa juu, unaofutika kwa kidole, uanike juani na uupige brashi kavu. Ule uliokwisha kuwa vidoto vyeusi ndani ya unyasi hautoki, wala usihangaike na jiki, itaukata. Fumua uzi wa pande mbili za ukili wenye madoa, utoe ukili huo mmoja tu, upime mpya kwa urefu wake na kidole kimoja zaidi kila upande, uupachike pale pale kwa sindano ya mkono na uzi ule ule, kisha uzikunje ncha zake ndani.